Nyuzi za Kukwaruza Zinakula Maneno ya Nyimbo Zetu



Utashangaa pengine. Kitabu hiki ni cha mila na desturi, na sisi tunaingia na maneno ya nyuzi za gita-basi. Wazee wengine wamekwisha kutuuliza: "Sasa gita iko mila ya nani?" Na vijana wakatuuliza kwa upande wao: "Nyie bazee munajua nini juu ya basi?" Tutawajibu wote, kila mmoja kwa zamu yake, kwani tunaona wote wawili wamekosa, na makosa yao yanakutana mahali pamoja, ni kusema mu harusi na mu matanga yetu, hapa Butembo na kule Beni. Siku hizi mama anasimama kuimba, mdomo unafunguka, mikono inanyooshwa, watu wanaona kabisa kwamba anaimba, lakini neno hata moja halisikiki.

Watu wanalaumu nani? Wanalaumu mtu wa sono. "Punguza basi! Punguza!" Naye anapunguza. Kisha ngoma inapanda, gita ya solo inapanda, mupiga-basi hajisikii tena, anaomba waongeze, na kelele inarudi palepale. Tumeona mchezo huo mara nyingi mno, chini ya shitingi, mu salle, mu uwanja wa parokia, na kila mara mama anaketi chini amechoka bila kusikilizwa. Sisi tunasema ukubwa wa sauti si adui wa kwanza. Adui wa kwanza amefungwa juu ya gita yenyewe, na amenunuliwa kwa dola.

Tueleze, kwa sababu wengi wanapiga gita miaka kumi bila kuangalia kile kinachokuwa chini ya vidole vyao. Uzi wa gita-basi hauko waya mmoja. Ndani kuna waya wa chuma, ndio moyo wake, na juu ya moyo huo wanazungusha waya mwingine, mzunguko karibu na mzunguko, mpaka uzi unakuwa mnene. Sasa, ule waya wa juu ukiwa wa mviringo, uzi unabaki na matuta sawa na meno ya skurubu. Pitisha kucha juu yake: krrrr, kama tupa ya fundi. Hizo ndizo tunaita nyuzi za kukwaruza, na ndizo karibu zote zinazouzwa kwetu. Lakini kuna nyingine. Kiwandani, badala ya waya wa mviringo, wanazungusha utepe wa chuma, mwembamba na bapa, hata uzi mzima unakuwa laini kama spoku ya kinga. Pitisha kucha: kimya. Kwenye pakiti huandikwa flatwound. Sisi tunaziita nyuzi bapa, au kwa kifupi nyuzi laini.

Tofauti yao si ya kidole tu, ni ya sikio. Uzi mnene kuliko zote, ule wa mi, ukipigwa wazi unatetemeka mara 41 hivi kwa sekunde moja. Huo ndio uzito wenyewe, ule unaousikia tumboni kabla ya kuusikia masikioni. Lakini pamoja na uzito huo, uzi unatoa sauti ndogondogo nyingi za juu, na kelele ya kidole kinapokwaruza, na mlio wa uzi ukigonga vile vyuma vya shingoni. Nyuzi za kukwaruza zinatoa sauti hizo za juu kwa wingi, mpaka kwenye mitetemo elfu mbili, elfu tatu, elfu nne kwa sekunde. Na nani mwingine anakaa mu nyumba hiyo? Konsonanti za mwanadamu! Herufi ya s, ya t, ya k, ya sh, zote zinapata nafasi yao hapo. Ndiyo sababu mama akiimba unasikia a, e, o, unasikia kilio, lakini neno limepotea. Basi imekula konsonanti, imekuachia vokali peke yake. Hata ukipunguza, ile kra-kra-kra inabaki palepale penye maneno, ila ndogo zaidi.

Nyuzi bapa zina hizo sauti za juu kidogo tu, na zinazimika haraka. Uzito unabaki chini, mlango wa juu unaachwa wazi kwa mwimbaji. Hatukuvumbua sisi jambo hili. Mafundi wa sauti duniani kote wanalijua. Lakini kwetu lina uzito ambao pengine kwingine halina.

Kwa nini? Kwa sababu wimbo wetu ni wa maneno. Mu harusi, dada na shangazi wanamweleza bibi arusi mambo ambayo hakuna padri wala pasta atamweleza, na wanayaeleza kwa wimbo, kwa sababu kwa kusema wangeona haya. Mu matanga, mwimbaji mzuri anataja jina la marehemu, la baba yake, la kilima alikotoka. Na matanga, ndugu, tumeyapata kupita kiasi. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamejaza nyumba zetu na vilio. Kisha kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 tukapata Ebola, ambapo wengine walizikwa bila hata kuimbiwa, ndugu zao wakisimama mbali. Waliokuwa hapa wanajua maana ya kukosa wimbo mbele ya kaburi. Sasa tumepata tena ruhusa ya kukaa pamoja na kuimba majina ya watu wetu, na tunayafunika kwa makelele ya chuma! Hatukubali. Mutu anaweza kutuambia hii ni habari ya ufundi tu. Sisi tunamwambia aende akasimame nyuma ya shitingi, pale wanapokaa wabibi, na atuambie amesikia jina gani.

Tuje kwa wazee, wale wanaosema gita haiko mila, na kwa hiyo nyuzi zake si kazi ya chama.

Wazee wetu, tunawaheshimu, lakini muangalie vizuri. Watu wetu walikuwa na endara: mbao ndefu, nene na nyembamba, zimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, wapigaji wamekaa huku na huku, kila mmoja na mbao zake, na ngoma pembeni. Walikuwa na enzenze, fimbo yenye nyuzi na kibuyu chake. Walikuwa na filimbi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita upande wetu na mashine yake ya kurekodi, na muziki wa Banande uko mu sahani zake mpaka leo. Mwenye intaneti anaweza kuutafuta na kuusikiliza. Ndugu zetu Bakonzo, ng'ambo ya Kasindi, upande wa Kasese, nao wanaijua endara hiyohiyo. Lakini hapa mjini, tuseme ukweli, ni watoto wangapi wamepata kugusa ubao mmoja wa endara? Kigogo cha mgomba kinaoza baada ya siku chache, wapigaji wanapaswa kuwa wengi, na mji haupendi kitu kinachohitaji watu wengi bila mushahara.

Kazi yake imechukuliwa na gita. Hilo halikutokea jana. Mwaka uleule wa 1952, huyo Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji tunaouita Likasi, akiimba Kiswahili na gita yake peke yake. Mwaka 1956 OK Jazz ilianzishwa Léopoldville, na redio ikaleta rumba mpaka vilima vya Lubero. Wale wazee wanaotuambia gita si mila walioa kwa rumba, wote! Na Desemba 2021 UNESCO imeiandika rumba ya Congo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, tukafurahi, watu wakapiga hotuba. Kitu ambacho babu alikichezea harusini, baba akakichezea, na mtoto anakichezea, sisi tunakiita desturi, na desturi lazima iwe na walinzi wanaoangalia hata uzi wake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo lilitufanya tuandike. Ubao munene wa endara ukipigwa unafanya nini? Unasema mara moja, tumm, kisha unanyamaza, kwa sababu umelala juu ya mgomba, na mgomba ni laini, unameza mtetemo. Hauimbi kama kengele. Ndiyo maana wapigaji wengi wanaweza kupiga pamoja bila kufunikana: kila mmoja anaacha nafasi. Uzi bapa nao unafanya karibu vilevile. Unasema tumm, unatoa uzito wake, unazimika, unaacha nafasi. Uzi wa kukwaruza unalia na kuendelea kulia, kama mtu asiyejua kunyamaza wakati mwenzake anaongea. Kwa hiyo anayesema nyuzi bapa ni kitu cha Wazungu wa zamani hajasikiliza endara. Sisi tunaona nyuzi hizo ndizo zinaifikisha gita-basi karibu zaidi na mbao za babu zetu, hata kama zimetengenezwa mbali.

Kwa vijana maneno yatakuwa makali kidogo, kwa sababu tunawapenda na kwa sababu wanatujibu vibaya.

Munasema: "Ile nyuzi iko ya bazee, inalala, haiko na nguvu." Nani aliwaambia? Video. Munaangalia kijana wa Marekani mu kanisa kubwa, anapiga basi kwa kidole gumba, ta-ka-ta, vyuma vinalia, watu wanapiga makofi, na munadhani hiyo ndiyo basi. Haya, tuongee historia. Leo Fender alitoa gita-basi yake ya Precision mwaka 1951, na katika miaka ile ya kwanza nyuzi bapa ndizo zilikuwa kawaida kwa basi. Nyuzi za kukwaruza zilienea baadaye, katika miaka ya 1960, hasa kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza na John Entwistle wa The Who akazipigia debe kwa vidole vyake. African Jazz ya Grand Kallé ilipokwenda Bruxelles mwanzoni mwa 1960 na kurekodi "Indépendance Cha Cha", hizo nyuzi munazoita "ya kweli" zilikuwa bado hazijaenea duniani. Munacheza rumba na kitu ambacho rumba ilizaliwa bila nacho, kisha munatuambia sisi ndio hatujui!

Kama munataka Mumarekani, tuwape Mumarekani. James Jamerson, wa Motown ya Detroit, alipiga basi kwenye nyimbo za Supremes, za Temptations, za Marvin Gaye. Alipiga kwa kidole kimoja, juu ya Precision, na nyuzi bapa nene za La Bella ambazo, inajulikana, alikuwa hazibadilishi mpaka zikatike. Mpaka leo wapiga-basi wa dunia wanamsoma kama kitabu. Na kama munasema nyuzi bapa ni za nyimbo za kulala tu, mutafute Steve Harris wa Iron Maiden, watu wa rock nzito kabisa, makelele ya kuvunja vioo: naye anapiga nyuzi bapa. Nguvu iko mu mkono.

Tena munasema: "Na seben je? Seben itakufa!" Haitakufa. Seben inachemshwa na gita ya solo, na mi-solo, na ngoma, na mtu wa kupiga kelele za kuchezesha. Basi mu seben kazi yake ni kuruka na kutua, kuacha shimo, na kurudi ndani ya shimo kwa nguvu. Shimo lile ndilo linafanya mguu utoke chini. Uzi usiojua kunyamaza unalijaza shimo. Tumesikiliza vijana wawili, gita ileile, ampli ileile, wimbo uleule, mmoja na nyuzi laini na mmoja na nyuzi za kukwaruza, na tulioketi pale tulicheza zaidi kwa yule wa kwanza. Hiyo si elimu ya chuo, ni miguu yetu tu, lakini muziki wa kucheza utapimwa na nini kama si miguu?

Tunakubali neno moja: anayetaka kupiga kwa gumba, ile ta-ka-ta yenyewe, nyuzi bapa hazitamfaa sana. Awe na gita yake ya pili. Mu matanga hakuna ta-ka-ta.

Kuna pia hii desturi ya kuchemsha nyuzi. Wasiojua watacheka, lakini wapigaji wote wa Butembo wanaijua: nyuzi za kukwaruza zikikaa mwezi, miezi miwili, jasho na uchafu vinaingia kati ya yale matuta, zinakufa sauti. Kijana hana pesa ya mpya. Anachukua sufuria ya mama, anazichemsha, anazikausha, anazifunga tena, na kwa siku chache zinalia kama mpya. Kisha zinakufa tena. Anachemsha mara ya pili, mara ya tatu, mpaka uzi unaota kutu au unakatikia kwenye funguo, na mara nyingi unakatika Jumamosi, harusi imekwisha kuanza. Hatumlaumu kijana. Wengine walianza na gita ya mbao waliyoichonga wenyewe na nyuzi za kebo ya breki ya kinga, na kati yao wametoka wapigaji wa kweli. Hao hatuwezi kuwafundisha uvumilivu. Tunawalaumu wanaowauzia.

Kwa maana gani? Wafanyabiashara wetu wanasifika. Wanakwenda Dubai, wanakwenda Guangzhou, wanakwenda Kampala, mizigo inapita Kasindi kila siku. Wanajua kuleta aina ishirini za kitenge, na mama akitaka ua jekundu badala ya bluu atalipata. Lakini nyuzi za basi? Aina moja. Pakiti bila jina, au yenye jina la uongo, na ukiuliza kama ziko laini, mwenye duka anakuangalia kama umeomba nyama ya samaki bila maji. "Basi ni basi, papa." Hapana, papa, basi si basi! Tunawaomba, na tunawaambia kwa sauti: mulete hata seti kumi tu za nyuzi bapa, muone kama hazitanunuliwa.

Watatujibu bei. Ni kweli, nje seti ya nyuzi bapa inauzwa kama dola 40 mpaka 70, wakati za kukwaruza zilizo nzuri ni dola 20 mpaka 30, na zile za bila jina ni chini ya hapo. Lakini kuhesabu ni kazi yetu, sisi watu wa Butembo, hatuwezi kushindwa hapa. Orkestra inayopiga kila mwisho wa juma itabadilisha za kukwaruza mara nne, mara tano kwa mwaka kama haichemshi. Hiyo ni karibu dola mia moja. Nyuzi bapa, ukizipangusa na kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, zinakaa miaka. Hazina matuta ya kuficha uchafu, na kwa kawaida sauti yake inazidi kuwa tamu kadiri zinavyozeeka. Tena hazili vyuma vya shingoni kama zile nyingine, ambazo ni tupa kweli. Gita haizeeki haraka.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wetu wana haki nalo, na tusilifiche. Mu bafle mbovu, bafle ndogo ya plastiki au ile tarumbeta ya mkutano, nyuzi bapa zinaweza kupotea kabisa. Bafle ndogo haiwezi kutoa ule uzito wa mitetemo 41. Inatoa sauti za juu peke yake, na nyuzi bapa hizo sauti za juu hazina. Kwa hiyo kijana anayepigia bafle mbovu anasikika zaidi na nyuzi za kukwaruza, ni kweli. Lakini angalia dawa: kama bafle ni mbovu, tutengeneze bafle. Mara nyingi hata kununua hakuhitajiki. Isukume karibu na ukuta, au mu kona ya salle, na sauti ya chini inapata nguvu bila kuongeza hata franka moja ya mafuta ya grupu. Watu wetu wa sono wanapenda kusimamisha bafle ya basi katikati ya uwanja, juu ya meza, kama mgeni wa heshima. Ishushwe chini.

Na kwa yule ambaye leo hana nyuzi bapa na harusi ni kesho? Achukue kipande cha sponji ya godoro, akikate kidogo, akisukume chini ya nyuzi pale zinapofungiwa, karibu na mkono wa kuume. Isibane sana. Wapigaji wengi wa zamani wa Marekani walifanya hivyo, na Jamerson naye alikuwa na sponji ndani ya gita yake. Uzi unazimika haraka, unakaribia ule ubao juu ya mgomba. Haitoi makwaruzo yote, lakini mama atasikika zaidi kuliko jana.

Kwa atakayezipata, maneno machache ya fundi, kwa sababu tumeona seti nzuri ikiharibiwa siku ya kwanza. Usikate mkia wa uzi bapa kabla ya kuukunja kwanza pale utakapoingia kwenye funguo, ukunje kabisa kama kona ya nyumba, kisha ndipo ukate mbele ya mkunjo. Ukikata kabla, utepe unafunguka kutoka mwisho, uzi unapoteza sauti, na hakuna wa kukurudishia pesa. Usizichemshe, hata siku moja. Maji yakiingia chini ya utepe hayatoki, yanazaa kutu. Kwa kawaida zinavuta shingo kwa nguvu kuliko zile nyingine, hivyo baada ya kuzifunga angalia kama shingo imepinda, na umwite fundi akaze kile chuma cha ndani. Mwenye gita ya kuchonga isiyokuwa na chuma cha ndani achague zile nyembamba, au zile nyeusi zilizofunikwa nailoni, ambazo zinavuta polepole. Na wiki ya kwanza kidole chako kitalalamika, kitasema uzi unateleza. Kitazoea.

Mu mkutano wetu wa mwisho tulibishana sana. Pesa iliyochangwa kwa vyombo vya chama si nyingi, na wengi walitaka tununue ampli kubwa zaidi, "ili basi isikike mpaka barabarani." Mpaka barabarani! Anayepita barabarani hakufiwa. Waliofiwa wameketi ndani. Mama mmoja, mwimbaji wa miaka mingi, alisimama akasema maneno mafupi: "Mimi sihitaji basi iongezeke. Mimi nahitaji munisikie." Kelele ikaisha mu chumba. Hakuna aliyetaka ampli tena, au kama alitaka, hakusema.

Kwa hiyo tumekata shauri, na tunaliandika hapa ili lisibishaniwe tena huko nje. Gita-basi ya chama, ile inayozunguka mu harusi na mu matanga kati ya Butembo na Beni, itafungwa nyuzi bapa mara tu wasafiri wetu watakapozileta kutoka Kampala. Mpaka siku hiyo itapigwa na sponji. Atakayeiazima anapewa na kitambaa cha kupangusia, na atarudisha vyote viwili. Haruhusiwi kubadilisha nyuzi, hata akiwa mpigaji mkubwa, hata akiwa anatoka Kinshasa. Akitaka za kukwaruza, alete gita yake. Na wakati mama anaimba jina la marehemu, mupiga-basi atabaki kwenye uzi wa chini, apige kidogo, amuangalie mdomo.